Kabla ya 1863: nyumba za kale za Mwanza na sheria isiyozijua

Maneno haya niliyasema mbele ya wenye nyumba, wapangaji, mafundi na wanafunzi wa sekondari waliokusanyika hapa katikati ya jiji la Mwanza. Walioshindwa kufika wameniomba niyaweke yote, nami nayaweka kama nilivyoyasema.

Mwangaluka mayu! Mwangaluka baba! Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Akina mama, hamjambo? Na ninyi wanangu mliovaa sare, mliokuja huku Jumamosi wakati wenzenu wako Kirumba uwanjani, ahsanteni sana. Mwenyekiti umenipa nusu saa. Mwalimu mstaafu hajui nusu saa ni nini, lakini nitajitahidi.

Naanza kwa kuwauliza. Nikisema majengo ya kale ya Mwanza, kichwani mwako linakuja jengo gani?

Nasikia huko nyuma: "Kwa Robert Koch!" Haya. Na wewe mama? "Mnara wa saa." Vizuri. Na kijana yule? "Jiwe la Bismarck." Jiwe si jengo, mwanangu. Lile aliliweka Mungu. Wajerumani waliweka jina tu, la kansela wao Otto von Bismarck, ambaye hata ziwa letu hakuwahi kulitia machoni. Lakini mmeona? Hakuna aliyetaja duka. Hakuna aliyetaja ghala la pamba. Hakuna aliyetaja nyumba anayolala yeye mwenyewe. Lishikeni hilo.

Twende kilimani kwanza, kwa kuwa ndiko kila mtu anakokimbilia.

Lile jumba la mawe linalotazama ziwa, wengi tunaliita la Robert Koch. Vitabu vya historia vinalitaja kwa jina la Theodor Gunzert, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Mwanza mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipomtoa. Julai 1916 Waingereza walishuka kutoka ziwani na majeshi yao, Wajerumani wakaacha mji na kukimbilia kusini, njia ya Tabora. Sasa huyu Koch anaingiaje? Koch alikuwa daktari mkubwa kweli. Ndiye aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1906 akaja kwenye ziwa hili kuchunguza malale, ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa maelfu pande za Uganda. Akapita Mwanza, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese, akapiga kambi huko. Wagonjwa walipangwa foleni kila siku wakichomwa sindano ya dawa iliyoitwa Atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake. Alipoona ugonjwa unarudi, akapandisha dozi. Na baadhi ya wale wagonjwa wakapofuka macho, upofu usiopona.

Nawauliza, ndugu zangu: nani kati yenu amewahi kusimuliwa hayo akiwa kilimani? Tunawapandisha wageni, tunawaambia hapa ni kwa daktari mashuhuri, wanapiga picha na ziwa nyuma yao, tunashuka kula sato. Wale waliopofuka Sese walikuwa watu wa ziwa hilihili. Walivua samaki haohao.

Na mawe ya lile jumba nani aliyapandisha? Kilima mnakijua kilivyo. Lori halikuwapo. Kuanzia 1898 Wajerumani waliweka kodi ya nyumba, inayolipwa kwa rupia, na asiyekuwa na rupia alilipa kwa mikono na mgongo wake. Kwa hiyo mnaposema jumba la Mjerumani, mimi nauliza: la Mjerumani kwa lipi? Kwa kulala ndani? Aliyelala ndani jina lake limebaki. Waliobeba mawe ni babu zetu, na majina yao hakuna aliyehangaika kuyaandika.

Tushuke sasa mpaka mnara wa saa. Pale pana kibao kinachosema kwamba kutoka kilima cha Isamilo, umbali wa kama maili moja hivi, tarehe 3 Agosti 1858 msafiri Mwingereza John Hanning Speke aliona maji ya ziwa hili kwa mara ya kwanza, ziwa alilokuja kuthibitisha baadaye kuwa chanzo cha Nile. Sawa. Lakini Speke aliambiwa na nani kwamba kuna ziwa? Aliambiwa Tabora, kwa wafanyabiashara Waarabu, akiwamo Snay bin Amir, ambao biashara yao ilikuwa imekwisha kufika huku. Alikuja na nani? Alikuja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani akafikishwa India, akarudi Afrika akiwa mtu huru na mwenye lugha nyingi mdomoni. Mwenzake Mwingereza, Burton, alibaki Tabora akiugua. Na alipofika juu ya kilima, Speke alimuuliza mtu wa hapahapa, aliyesifika kwa safari nyingi, ziwa linafika wapi upande wa kaskazini. Yule mtu akageukia kaskazini, akaurusha mkono mbele, akapiga vidole kwa mlio, tena na tena, akasema hakuna ajuaye, ila yeye anadhani linakwenda mpaka mwisho wa dunia. Haya kaandika Speke mwenyewe kwenye kitabu chake. Mtu yule hana jina kitabuni na hana jina mnarani.

Sitaki kile kibao king'olewe. Kuna vijana wamenishauri hivyo, nikawakatalia. Kikae. Ninachotaka ni cha pili kando yake, na juu yake aandikwe Bombay, na aandikwe yule mpiga vidole wa Isamilo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hasa. Ni la sheria, kwa hiyo mwenye usingizi asimame kidogo anyooshe miguu.

Nchi yetu ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Sheria hiyo inalilinda jengo moja kwa moja, bila mtu yeyote kuomba, iwapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Narudia: kabla ya 1863. Wanafunzi, andikeni mwaka huo.

Haya tupige hesabu pamoja. Wajerumani waliweka kituo chao hapa Mwanza mwaka gani? Nani anajua? 1892, ahsante binti. Bukoba aliianzisha Emin Pasha mwaka gani? 1890. Reli kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka gani? 1928. Hebu niambieni: katika mji huu wote, kuanzia Kamanga mpaka Igogo, kuna ukuta gani uliosimama kabla ya 1863? Speke alipopita hapa, miaka mitano tu kabla ya mwaka huo, watu walikaa kwenye nyumba za miti, udongo na nyasi. Zile zilirudi ardhini zamani. Kilwa Kisiwani wana misikiti yao ya mawe. Kaole, pale Bagamoyo, wana magofu yao. Wale sheria imewakumbatia. Zanzibar wana sheria zao wenyewe. Sisi watu wa ziwani, mji wetu wote umezaliwa upande usiofaa wa 1863.

Kwa hiyo lile jumba la kilimani, kwa kifungu hicho, halijulikani. Stesheni ya reli haijulikani. Maduka ya Wahindi yenye vibaraza na mwaka uliochongwa juu kwenye paji la ukuta hayajulikani. Kesho asubuhi mwenye kiwanja akija na katapila, kwa kifungu hicho hana kosa.

Je, tumefungiwa nje kabisa? Hapana. Sheria hiyohiyo ina njia ya pili. Waziri anaweza kulitangaza jengo lolote, la mwaka wowote, kuwa la kulindwa, kwa tangazo katika Gazeti la Serikali. Mwaka wowote! Hata la juzi. Lakini Waziri yuko Dodoma. Atajuaje kwamba nyuma ya fremu za maduka ya simu pale mjini kuna ukuta wa enzi za rupia? Ataota? Lazima mtu ampelekee karatasi, na karatasi hiyo lazima iwe na jengo, kiwanja, historia na picha. Karatasi hiyo nani ameiandika? Nawauliza ninyi, na mimi nimo: nani ameiandika?

Kuna kichekesho kingine ndani ya sheria hii, na wanasheria mliopo mtanisahihisha nikipotoka. Mlango wa mbao, au fremu ya mlango, iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya mwaka 1940, unalindwa. Mlango! Kwa maana hiyo mlango uliochongwa 1935 unalindwa, na ukuta wa 1935 unaoushikilia haulindwi. Unaweza kuibomoa nyumba yote ukauacha mlango umesimama peke yake katikati ya kiwanja, na ukawa umetii sheria.

Mnacheka. Lakini hata hiyo milango tumeiachia. Miaka ya nyuma alikuwa akizunguka mjini mtu mmoja nadhifu, mwenye maneno laini, akinunua milango ya zamani. Alifika kwa mjane mmoja, akamwambia: mama, huu mlango umeliwa na mchwa, nitakuwekea wa chuma, wenye kitasa cha kisasa, na nitakuongezea na pesa ya mkononi. Mama wa watu akakubali. Nani asingekubali, ada za watoto zimekaa juu ya meza? Mlango ukapakiwa kwenye lori mchana kweupe, mtaa mzima unatazama, na mjumbe wa nyumba kumi naye yumo anasaidia kubeba. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kitu cha namna ile hakiuzwi wala hakipelekwi nje ya nchi bila kibali. Wa chuma alioachiwa umeshika kutu.

Lakini msitoke hapa mkidhani tangazo la Waziri ni dawa. Tazameni Unguja. Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash, la 1883. Liko Mji Mkongwe, mji uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Hakuna ulinzi wa karatasi uliokosekana pale. Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wakafa. Kwa hiyo karatasi peke yake haishiki paa. Paa linashikwa na nini? Hapo ndipo panapotaka tuzungumzie mwenye nyumba.

Wazee, mnakumbuka Aprili 1971? Wengine mlikuwa vijana, wengine mlikuwa mnasoma. Serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo. Nyumba iliyokuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mwenyewe haishi ndani yake yote, bali anapangisha, ilichukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sitaki tuanze leo kubishana kama ilikuwa haki ama haikuwa. Nia ilikuwa kuzuia watu wachache kuishi kwa kodi za wengi, na walioguswa zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, kwa sababu ndio waliojenga maduka ya mjini. Mimi nina sehemu moja tu ya sheria ile ninayotaka muisikie. Fidia ililipwa kwa nyumba mpya. Nyumba iliyozidi umri wa miaka 10, mwenyewe hakulipwa kitu.

Mnaona inakotupeleka? Nyumba kongwe ndizo zilizoondoka bila fidia. Zile zile ambazo leo tunaziita urithi, siku ile kwenye vitabu zilihesabiwa sifuri.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa. Nyumba ilijengwa na baba yake baada ya reli kufika, wakati pamba ya Usukuma ilipoanza kushuka kwa treni mpaka Dar es Salaam badala ya kuvuka ziwa kwa meli mpaka Kisumu na kupanda reli ya Uganda kwenda Mombasa. Chini duka, juu wanalala, nyuma ua wenye jiko na kisima. Baada ya 1971 mzee akabaki mlemle ndani, kama mpangaji. Akawa analipa kodi ya kukaa chumba alichozaliwa. Alisimulia hivi: zamani, kila mwezi wa tisa, kabla ya mvua za vuli, alikuwa akipanda juu na fundi, wanasafisha mifereji ya bati, wanapiga rangi mabati, wanaziba misumari iliyolegea. Ilipokuwa si yake tena, bati likivuja aliandika barua. Barua ikasubiri. Mvua haikusubiri. Na kodi ya nyumba ilikuwa ndogo mno hata kukarabati mfereji mmoja, kwa hiyo hata ofisi yenye nia njema ingetoa wapi pesa?

Wala si nyumba ile peke yake. Msajili wa Majumba baadaye aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, mwaka 1990. Zipo nyumba ambazo wapangaji wamebadilishana kwa kilemba, yaani pesa ya kuachiana chumba, mara nyingi, na kila aliyeingia aligawa chumba, akatoboa ukuta, akaweka fremu mbili pale palipokuwa na moja. Simlaumu. Anatafuta riziki, na nyumba si yake. Mtu hupaka rangi nyumba ya mwenzie? Huo ndio ugonjwa wenyewe, ndugu zangu. Tunalalamika juu ya katapila, ilhali nyumba nyingi za mji huu zilianza kufa siku mfereji wa bati ulipoziba na kila mmoja akadhani ni kazi ya mwingine.

Na hapa niwaseme mafundi kidogo, kwa upendo. Ukuta wa zamani wa mawe au wa tofali, uliojengwa kwa udongo au kwa chokaa, unanyonya maji na kuyatoa. Ni kama mtu, lazima utoe jasho. Wewe unakuja na mfuko wa saruji, unaupiga plasta ngumu nje na ndani, unang'aa, mwenye nyumba anafurahi, anakulipa. Baada ya masika mbili rangi inavimba, plasta inaachia vipande vipande, na unyevu uliofungiwa ndani umekwisha kula udongo ulioshika mawe. Unaitwa tena, unaongeza saruji! Dawa ni chokaa. Sehemu moja ya chokaa, tatu za mchanga safi, na uvumilivu, kwa sababu chokaa hukauka polepole na inataka kumwagiwa maji kidogo kidogo isipasuke. Wazee wenu waliijua kazi hii. Wapo mafundi Unguja wanaoifanya mpaka leo. Nendeni mkajifunze, mafundi wa chokaa wakipungua, bei ya anayejua itapanda, na mimi ningependa awe kijana wa Mabatini.

Basi kitu gani kinalishika paa? Nitawapa mifano miwili, yote ya ziwani.

Wa kwanza unaelea. MV Victoria. Ilitengenezwa Uskoti, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa mpaka Kisumu, ikaunganishwa upya huko na kuanza kazi 1961, mwaka wa uhuru wetu. Hakuna mtu wa Mwanza au Bukoba mwenye umri wangu asiyekuwa na kisa chake ndani ya meli ile: ndizi, mbuzi, maharusi, wanafunzi na masanduku ya bati. Ikaharibika, ikasimama miaka, watu wakasema imekwisha. Ikakarabatiwa, na 2020 ikarudi majini. Kwa nini meli ya 1961 ilirudi na nyumba za 1961 zinabomoka? Kwa sababu Bukoba ilikuwa inaihitaji. Ilikuwa na kazi ya kufanya. Kitu chenye kazi hutafutiwa vipuri.

Wa pili uko Kisesa, njia ya Musoma. Bujora. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alikuwa Usukuma miaka ya 1950. Angeweza kujenga kanisa la kawaida, lenye mnara mrefu kama la kwao Quebec. Alijenga kanisa la duara, kwa umbo la nyumba ya Msukuma, akaweka ndani yake alama za utemi, yaani uchifu wa Kisukuma. Kando yake kukawa na makumbusho ya Wasukuma, na jengo moja la makumbusho hayo lina umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Kumbukeni utawala wa machifu ulifutwa 1963. Ngoma, viti na mikuki ya watemi vingeweza kuishia kwa wanunuzi kama yule wa milango. Lakini sikilizeni, Bujora haiishi kwa sababu ya kabati za vioo. Inaishi kwa sababu kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi, kuna sherehe ya Bulabo. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana ngoma, watu wanakuja na fisi wao na nyoka wao, vumbi linatimka, akina mama wanauza. Nani atathubutu kuvunja ukuta wa Bujora? Wagika na Wagalu watamshika kwa pamoja, na hilo litakuwa jambo la kwanza waliloafikiana!

Sasa rudini kwenye lile nililowaambia mlishike. Hakuna aliyetaja ghala la pamba. Mwanza hii ililishwa na pamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima alileta pamba yake kwa mnunuzi, mizani ikasoma vile mnunuzi alivyotaka isome. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani, macho kwenye jiwe la mizani. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, wakati kijana Paul Bomani, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha, akiwa kiongozi wao. Na hapohapo, kuanzia 1954 mpaka 1958, TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma. Mkutano wa siasa hauruhusiwi, lakini mkutano wa ushirika? Watu si lazima wakutane juu ya bei ya pamba? Mle maghalani, kati ya magunia, ndimo mlimozungumzwa mengine.

Mimi nasema bila kuficha: mkiniambia nichague kati ya jumba la Gunzert na ghala moja la ushirika la wakati ule, lenye mizani yake bado ndani, nitachagua ghala. Mniite mshamba. Jumba la kilimani linatuambia nani alitutazama kutoka juu. Ghala linatuambia sisi tulifanya nini. Jineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba, na maghala ya wakati huo mengi yamekaa kimya vijijini, bati zikiibwa moja moja, na hakuna mgeni anayepelekwa kuyaona.

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Niseme ninachoomba, kisha nikae.

Naomba daftari. Daftari la kawaida, la kurasa nyingi, na tulianze sisi wenyewe, mtaa kwa mtaa. Kila jengo ukurasa wake. Liko wapi na kiwanja namba ngapi. Limejengwa lini, na ushahidi ni nini: mwaka uliochongwa ukutani, hati, risiti, picha ya harusi iliyopigwa mbele yake, au mzee anayekumbuka. Na la tatu, ambalo wataalamu hulisahau: leo ndani mnafanyika nini? Nani anafanya kazi humo, na anahitaji nini ili aendelee? Jengo ambalo sehemu hiyo ya tatu ya ukurasa wake iko tupu, hilo ndilo la kukimbilia kwanza. Tukimaliza, nakala iende serikali ya mtaa, nyingine kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nyingine Idara ya Mambo ya Kale. Hapo Waziri hatakuwa na la kuota.

Naona mzee mmoja anatikisa kichwa, najua anachowaza: nikiandikwa nitanyang'anywa. Tumeumwa na nyoka 1971, lazima tuogope kamba. Mzee wangu, daftari si tangazo. Kuandikwa kwenye daftari hakukuzuii kitu. Lakini sitakudanganya: jengo likitangazwa rasmi, hutalibomoa wala kulibadilisha utakavyo bila idhini. Ndiyo maana sitaki kila kibanda cha 1950 kipelekwe Dodoma. Tuchague machache, tuwaulize wenyewe kwanza, na mwenye nyumba akisema hapana tukae naye tena kesho tuzungumze. Lile la kilimani, na maghala mawili matatu, na safu moja nzima ya maduka yenye vibaraza. Safu, jamani, si duka moja lililobaki katikati ya ghorofa za vioo.

Wanafunzi, kazi ya picha ni yenu. Simu mnazo, na walimu wenu leo hawatawanyang'anya. Mbele, nyuma na paa. Nyuma ndiko kunakosema ukweli, kwa hiyo ombeni ruhusa muingie uani.

Tunaanza Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, Mtaa wa Temple, halafu tunapandisha kuelekea Makoroboi kabla wafanyabiashara hawajatandaza bidhaa zote. Mwenye futi kamba aje nayo. Daftari liko kwa katibu pale mezani, kurasa tano za kwanza zimekwisha pigwa mistari. Mzee wa duka la cherehani, wewe naona umekaa karibu nalo. Nyumba yako ina mwaka juu ya mlango, anza wewe. Wabeja sana. Mwenye swali anyooshe mkono.